Fundi Bomba na Suruali Yake ya Kaki

Fundi bomba huyu alikuwa na suruali tano, zote za kaki, na zote za kaki kwa sababu moja tu: kaki haifichi maji. Tone likiangukia suruali nyeusi unaweza kwenda nalo mpaka nyumbani na asijue mtu. Likiangukia kaki, mtaa mzima unajua. Naye alitaka mtaa mzima ujue, kwa sababu katika miaka thelathini na minane ya kufunga mabomba, maji hayakuwahi kuonekana kwenye makalio yake, na hapo siongezi chumvi hata punje.

Mtu huyu alikuwa na desturi. Akimaliza kazi, iwe ya sinki, ya bafu au ya tangi la darini, hakukusanya vifaa vyake kama mafundi wengine. Alifuta sakafu kwa kitambaa mpaka ikakauka kabisa, akafungua maji kwa nguvu zote, kisha akaketi chini, pale pale penye kiungo, na kuomba kikombe cha chai. Chai hiyo haikuwa ya kiu. Ilikuwa ndiyo saa yake. Aliinywa polepole huku akitazama mbele, na mwenye nyumba akimtazama yeye. Ikiisha, aliinuka, akamgeuzia mwenye nyumba mgongo na kusema neno moja: "Kagua."

Na mwenye nyumba alilazimika kukagua. Wengine waliona haya. Muuguzi mkuu mmoja, mama mwenye heshima zake, alijiziba uso kwa faili la wagonjwa, akachungulia kwa pembeni. Meneja wa benki alivaa miwani kabisa, akainama, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wakiona pako sawa walisema, "Pakavu," naye alijibu, "Basi kazi imekwisha," ndipo alipoanza kukusanya spana zake. Desturi ilianza zamani, alipokuwa kijana asiye na wateja, siku mama mmoja mbishi alipomuuliza, "Nitajuaje kama halivuji?" Kijana akakosa jibu, na kwa kukosa jibu akakaa chini. Tangu siku hiyo watu wakamwita Pakavu, hata mkewe, ingawa yeye alilitumia jina hilo pale tu alipokuwa amemkasirikia.

Sasa niwaeleze kilichomtoa kazini, maana yeye mwenyewe hakumweleza mtu. Watu aliwaambia ni goti.

Halikuwa goti. Mwaka mmoja nyuma aliitwa nyumbani kwa mshonaji nguo, barabara ya pili kutoka kwake, abadilishe kiwiko chini ya sinki. Kiwiko, kwa asiyejua, ni kile kipande kilichopinda kinachowezesha bomba kukata kona. Kazi ya nusu saa. Alizungushia meno ya bomba katani ya kuzuia maji, akakaza kwa spana, akafuta sakafu, akaketi, akaletewa chai. Alipofika nusu ya kikombe alihisi ubaridi. Akajiambia ni sakafu. Kikombe kilipoisha, ubaridi ulikuwa na ukubwa wa kiganja cha mkono.

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, tayari kwa ukaguzi, amekwisha kuanza kutabasamu. Fundi hakugeuka. "Kiwiko hiki kina ufa," alisema akiwa bado amekaa. "Kesho nitamtuma kijana niliyemfundisha kazi alete kingine." Kisha akafunga maji, akatoka kwenye jiko lile kinyumenyume, akiyasifu mapazia, akiisifu cherehani, akizisifu picha za ukutani moja baada ya nyingine, mpaka akafika barabarani. Kutoka hapo alitembea na mfuko wa vifaa ameushikilia nyuma kwa mikono miwili. Mshonaji alibaki anajiuliza tangu lini mapazia yake ni mazuri.

Ufa haukuwepo, naye alijua. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vimeishiwa. Ule mzunguko wa mwisho wa spana, ule unaomaliza ubishi wa bomba, ulikuwa umemtoka mkononi, na bila huo alijiona si fundi tena, ni mzee aliyevaa kaki. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Aliusukuma mfuko wa vifaa mpaka mwisho kabisa wa uvungu wa kitanda, akaanza kuchechemea.

Tabu ya goti la uongo ni kukumbuka ni lipi. Asubuhi alichechemea kulia, jioni kushoto, na akisahau kabisa alipanda ngazi mbili mbili. Mkewe alimtazama na kunyamaza. Alikuwa mama wa maneno mengi, na kunyamaza kwake kungetosha kumshtua mtu yeyote, isipokuwa mume.

Joto la mwaka ule lilikuwa halina adabu. Binti yao alikuwa na chekechea uani kwake, watoto kumi na wanne wa kati ya miaka mitatu na mitano, na kufika saa nne asubuhi bati la paa lilikuwa linalia ta, ta, ta. Kalamu za nta zililainika mezani. Ngazi ya bembea haikushikika. Watoto walilala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, shavu moja chini, na mmoja akipata kipande chenye ubaridi wenzake walimsogelea mpaka kinakuwa cha moto kama vingine. Binti huyo, mwalimu wao, aliwasomea hadithi ya sungura akasinzia yeye kabla ya sungura kufika popote. Aliweka mabeseni mawili ya maji, na kwa siku mbili ilikuwa raha. Siku ya tatu watoto kumi na wanne walidai mabeseni mawili, na ugomvi ulimalizika kwa alama ya meno begani.

Jioni hiyo alikuja kwa wazazi wake.

"Baba, nataka unijengee ukuta wa maji."

"Ukuta wa nini?"

"Wa maji. Mabomba yapangwe kwenye ukuta wa uani, maji yatoke huku, yatoke kule, kila mtoto apate pake. Wakinge na vikombe, waloweshane, wapoe. Tulifundishwa kwenye semina."

"Mlifundishwa kuvujisha mabomba?"

"Tulifundishwa kucheza, Baba."

Mzee aliweka kikombe chini. Moyo ulimruka kwa furaha, na papo hapo ukamshuka kwa woga, kwa sababu alijua ukuta wa mabomba maana yake ni viungo, na viungo vinataka kukazwa. "Ningekujengea, mwanangu," alisema. "Ila goti."

"Goti lipi?" aliuliza mkewe, aliyekuwa anakunja nguo zilizokauka.

"La kulia."

"Jana lilikuwa la kushoto."

"Limehamia."

Mama aliweka chini shati alilokuwa nalo, akaingia chumbani, akapiga magoti yake mazima mawili, na kwa ufagio akauvuta mfuko wa vifaa kutoka uvunguni mpaka katikati ya sebule. Ulikuja na vumbi la mwaka mzima na soksi moja iliyokuwa inatafutwa. "Kaanze kesho," alisema. "Watoto wanaungua."

Akaanza kesho yake. Alifanya kazi mchana, watoto walipokuwa wamelala, na kwa siku mbili hakuchechemea kabisa kwa sababu hakupata nafasi ya kukumbuka. Alipima ukuta, akapiga mstari kwa kamba ya chaki, akakata mabomba, akayasugua ncha mpaka yakawa laini kwa mkono wa mtoto. Alichimba mfereji mdogo chini ili maji yote yaishie kwenye maua, maana kumwaga maji bure lilikuwa jambo asiloweza kulikubali hata angelala mgonjwa. Binti yake akichungulia dirishani alimsikia anapiga mluzi.

Mtu mmoja tu hakuwa analala. Alikuwa msichana wa miaka minne ambaye mwalimu alimpa jina la Mkaguzi, kwa sababu hakuna kifuniko alichokipita bila kukifunua wala mfuko alioupita bila kuuchungulia. Alikuja akachuchumaa pembeni ya mzee, mikono magotini.

"Babu, hii nini?"

"Katani. Inazungushwa hapa ili maji yasitoke."

"Na hii?"

"Spana. Inakaza ili maji yasitoke."

"Na hii?"

"Hii ni tepu, mjukuu wangu. Ya kuhakikisha kwamba maji hayatoki."

Mkaguzi alifikiri. "Maji yamefanya nini?" aliuliza, na mzee akamwambia akalale.

Kila kiungo alikikaza kwa nguvu zake zote. Alining'inia kwenye spana, akaegemea, akauma meno, jasho jembamba likamtoka. Viungo ishirini na viwili. Kwenye kiwiko cha juu, upande wa kushoto, mkono ulimwishia kabla ya mzunguko wa mwisho. Alisimama hapo muda mrefu, spana mkononi, akitazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Kisha akajiambia kimetosha, akashuka.

Siku ya tatu, saa nne, jua likiwa limeshaanza ukali wake, watoto walitolewa uani wakiwa na chupi zao tu na kila mmoja kikombe cha plastiki. Mama naye alikuja, amebeba mrundo wa taulo na chupa ya chai. Ukuta ulipendeza, huwezi kusema vinginevyo. Mabomba yalikuwa yamenyooka, yamepanda, yameshuka, yamekata kona, na yameng'arishwa kwa kitambaa. Mzee, ndani ya suruali ya kaki iliyopigwa pasi, alikwenda kwenye koki kuu akaifungua kwa mkono wa mtu anayezindua hospitali.

Maji yakaingia. Yalisikika yakikimbia ndani ya mabomba, yakapanda, yakashuka, yakakata kona zote. Watoto walinyanyua vikombe. Walingoja. Waliendelea kungoja. Mwishoni kabisa, chini, kwenye koki moja ndogo iliyotazama ndoo, maji yalitoka kwa adabu, mkondo mmoja ulionyooka.

"Mnaona?" alisema mzee kwa furaha. "Viungo ishirini na viwili. Hata tone!"

Mtoto mmoja alipiga makofi, kwa sababu alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri. Wengine waliinamisha vikombe.

"Baba," aliita binti yake, kwa ile sauti anayoitumia kwa mtoto aliyejiingiza shanga puani. "Sasa wanachezea nini?"

"Si koki hiyo hapo? Wapange foleni. Mmoja anafungua, anakinga, anafunga vizuri, anampisha mwenzake."

"Huo si mchezo, Baba. Hiyo ni foleni ya kuteka maji."

"Babu," alisema Mkaguzi, ambaye alikuwa ameshauzunguka ukuta wote na kupapasa kila alipofikia, "limeharibika?"

Mwalimu aliingia ndani akarudi na keekee. "Toboa matundu tu, Baba. Hapa, hapa na hapa. Dakika tano." Mzee aliichukua keekee, akaweka ncha yake kwenye bomba, akabaki hivyo. Sekunde zikapita. Alijaribu bomba la pili. Alijaribu kufumba macho. Mkono ulikataa kabisa. "Siwezi," alisema. "Bomba zima, halijakosa kitu chochote! Ni sawa na kumwambia daktari ampige ngumi mtu aliyekuja kusalimia."

Wakabaki wanabishana hivyo, baba na binti, kila mmoja ameshika upande mmoja wa keekee, watoto wakianza kulia mmoja mmoja kwa joto, ndipo kwenye kona ya juu ya kushoto kikasikika kitu. Psss.

Mzee aliganda. Sauti hiyo angeitambua hata akiwa usingizini.

Kiwiko kilitema mate kidogo, kikakohoa, kisha kikaachia. Maji yalifyatuka yakatawanyika angani kama feni iliyofunguka, yakamulikwa na jua, yakawashukia watoto kumi na wanne vichwani kwa pamoja. Yakafuata makelele ambayo majirani waliyasikia mpaka dukani. Hawakuwa wanalia. Walikuwa wanaruka. Walifungua midomo juu, wakakinga vikombe, wakamwagiana, wakateleza wakaanguka kwa makalio na kuinuka wakicheka, na mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu Jumatatu alipiga kelele, "Mimi nimelowa! Mimi nimelowa!" kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Mzee wa watu hakuona hata moja ya hayo. Aliona kiwiko kinavuja. Alipita katikati ya watoto mbio, magoti yote mawili yakifanya kazi barabara, akaziba kwa kiganja. Maji yakachepuka, yakampiga mwalimu usoni. Akaziba kwa mikono miwili. Yakapita katikati ya vidole, yakampata mkewe na taulo zote kumi na nne. Watoto waliona huu ndio mchezo wenyewe, babu anayegeuza maji, wakamshangilia. "Huku, Babu! Na huku!" Akavua kofia akaibandika juu ya kiwiko, na kiwiko kikaitupa.

"Funga maji!" alipiga kelele. "Funga koki kuu!"

Binti yake akafunga. Maji yakakatika. Watoto kumi na wanne walisimama wanatiririka, wakatazamana, kisha wakaangua kilio kimoja cha pamoja ambacho hakuna semina inayomfundisha mwalimu la kufanya.

Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Maji yalimchuruzika masikioni. Binti yake alichuchumaa mbele yake akidhani ameumia.

"Ni goti, Baba?"

"Si goti," alisema. Alinyoosha mikono yake miwili akaitazama, vidole vimepinda kidogo. "Hakuna goti. Halijawahi kuniuma goti hata siku moja. Ni hii mikono. Haikazi tena. Kwa mshonaji nilikaa chini nikainuka nimelowa, nikasingizia ufa. Nimeacha kazi kwa sababu siiwezi, mwanangu, na leo nimekuaibisha mbele ya watoto wako."

Hakulia, lakini ilikuwa karibu. Mkewe, aliyekuwa anakamua taulo, ndiye aliyejibu.

"Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nani anayekufulia hizo suruali? Ile ya siku ya mshonaji ilikuja na duara la maji ya kutu mahali pake, kubwa hivi. Ulifikiri niliona nini, ramani?"

Mzee alimtazama mdomo wazi. "Mwaka mzima! Na hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uchoke kuchechemea," alisema mama, akaichukua taulo nyingine. Halafu sauti ikamlainika. "Sikutaka nikuseme, mume wangu. Nilijua utasema mwenyewe. Sikujua tu kama nitakuwa hai."

Mzee akacheka kwa pua, bila kupenda, na kicheko hicho kilimtua mzigo wa mwaka mzima. Hapo ndipo alipohisi kidole kinamgonga pajani. Mkaguzi alikuwa amesimama mbele yake, nywele zimelowa chapachapa, kikombe mkononi, amekasirika.

"Babu. Lile ulilolitengeneza vizuri ni lile la juu."

"Lile limeharibika, mjukuu wangu."

"Hapana," alisema Mkaguzi, kwa subira ya mtu anayemwelekeza mwanafunzi mgumu. Alinyoosha kidole kwenye kiwiko cha juu. "Lile zuri." Akakizungusha kidole kwenye ukuta wote, kiungo kwa kiungo, vyote ishirini na kimoja vilivyobaki. "Haya ndiyo mabovu. Fanya na haya yawe kama lile."

Mzee alimtazama mtoto. Akautazama ukuta. Akaitazama mikono yake. Akainuka, akaokota spana.

Alianza na kiungo cha katikati. Alikishika, akavuta kinyume, kule ambako katika miaka thelathini na minane hakuwahi kuvuta mbele za watu ila kwa kubomoa. Kililegea bila ubishi. "Fungulia kidogo," alimwambia binti yake. Maji yakaanza kutoka kwa uzi mmoja mwembamba. Akazungusha robo, uzi ukawa pazia dogo. Akarudisha kidogo, pazia likawa matone. Mzee aliweka sikio karibu na bomba, na uso ukaanza kumbadilika. Kumbe kazi hii haikutaka nguvu hata chembe. Ilitaka kujua ni wapi hasa pa kusimama kati ya kukaza na kuachia, na hilo vidole vyake vilikuwa vinalijua kabla hakijazaliwa hata kiwiko chenyewe.

Basi akatembea na ukuta. Hapa alitengeneza uzi, pale pazia, kule kitu kinachotema, kinanyamaza, kinatema tena pale tu mtoto anapokaribia kuangalia kimepatwa na nini. Kiungo cha chini kabisa alikifanyia kazi muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu alikuwa ameona mtoto mmoja wa miaka mitatu amejificha nyuma ya mwalimu, haogopi maji ila yakifika usoni. Alimwekea tone moja moja, to, to, to, linaloangukia vidole vya miguu. Mtoto alisogea, akaweka kidole gumba kimoja, akakitoa, akakirudisha. Baada ya muda alikuwa ameweka miguu yote miwili na anawafukuza wengine.

"Babu, na hapa!" "Babu, langu linatoka kidogo!" "Babu, lake linanipiga mimi!" Mzee alikwenda huku, akaja kule, spana mkononi, na kwa kila mlalamikaji alizungusha robo au nusu ya robo. Wengine waliwaogesha wanasesere, wengine walipewa brashi kuukuu wakapaka ukuta wa jirani rangi ya maji, ikakauka, wakapaka tena. Watoto wawili walijaza ndoo iliyotoboka kwa vikombe na hawakuonekana kusumbuliwa na jambo hilo. Mwalimu, aliyelowa mpaka mifupa, alikuwa hasinzii.

Ilipokaribia saa sita mzee aliweka spana chini. Akasimama chini ya kile kiwiko cha juu cha kushoto, ambacho hakukigusa tena, akakiacha kama kilivyojitengeneza. Alitoa kitambaa kwa mazoea ili afute sakafu, akakitazama, akakirudisha mfukoni. Kisha akakaa chini, kwenye saruji, ndani ya suruali ya kaki, mvua ya kiwiko ikimshukia mabegani.

"Mama Mwalimu," alimwita mkewe, "naomba chai."

Akaletewa. Aliinywa polepole, akitazama mbele, na maji yakiingia kwenye kikombe, hata chai yenyewe ikawa haiishi. Watoto walimwona. Mmoja akaja akakaa kando yake na kikombe chake cha maji. Akaja wa pili. Muda si muda wote kumi na wanne walikuwa wamekaa mstari mmoja chini ya ukuta, wanakunywa chai isiyokuwepo, wanatazama mbele, wamekunja nyuso kama wazee wa baraza, kwa sababu ndivyo babu alivyofanya.

Alipomaliza aliinuka. Watoto wakainuka. Akamgeuzia mgongo Mkaguzi.

"Kagua," alisema.

Mkaguzi aliiweka chini glasi yake ya heshima, yaani kikombe cha bluu kilichovunjika mkono, akasogea. Aliangalia kulia. Aliangalia kushoto. Akabandika kiganja chake chote kwenye kaki akaibana, na maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko chake mwenyewe.

"Pamelowa, Babu."

"Pamelowa kidogo?"

"Pote."

Mzee akamgeukia. "Basi," alisema, "kazi imekwisha."

Akakusanya spana zake.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mkewe nyuma na mrundo wa taulo zilizolowa. Mfuko wa vifaa aliuning'iniza begani. Nyuma ya suruali ilikuwa imelowa kutoka kiunoni mpaka visiginoni, inaacha alama barabarani, na kaki, kama kawaida yake, haikuficha chochote. Walipofika barabara ya pili mshonaji alikuwa ameketi mlangoni kwake anapepea uso kwa kipande cha kitambaa.

"Fundi!" alishtuka. "Mbona umelowa hivyo?"

"Nimetoka kazini," alijibu mzee. Akapita, akarudi hatua mbili. "Na kile kiwiko chako cha mwaka jana hakikuwa na ufa. Ni mimi sikukikaza."

Mshonaji alimtazama. "Na mapazia?"

"Mapazia mazuri kweli," alisema mzee, akaendelea na safari yake, ananyanyua miguu sawasawa, kulia na kushoto.

Mkewe alimwacha atembee kidogo. "Mume wangu," aliita kutoka nyuma. "Na goti linaendeleaje?"

Mzee hakugeuka.

"Goti lipi?" alisema.